Uzito wa Trekta Dogo: Chuma, Jiwe na Maji, Kamwe Si Mtu

Maelezo kwa wakulima, wamiliki na madereva wa matrekta madogo wa Nyanchwa na maeneo jirani ya Kisii na Nyamira

 

Msimu wa kutayarisha mashamba umekaribia. Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, kila mwenye shamba hutaka awe amelima tayari, na kila mwenye trekta huitwa huku na kule. Katika haraka hiyo kuna jambo moja ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni uzito: trekta liongezwe uzito kiasi gani, uwekwe wapi, na uondolewe lini.

Mashamba ya huku yanajulikana. Ni madogo, yamepangana kuanzia mgongo wa kilima hadi bondeni, na mengi yameinama. Mvua ni nyingi. Inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo wa juu ni mwekundu na wenye kina, na kule bondeni kuna udongo mweusi unaonata. Trekta kubwa la nchi tambarare haliwezi kugeuka katika vipande hivi, na ndiyo sababu trekta dogo limependwa. Lakini trekta dogo ni jepesi, na wepesi huo una taabu mbili. Magurudumu ya nyuma husota bila kusonga, na yale ya mbele huinuka.

Mambo yanayoonekana mashambani

Gurudumu la mbele likianza kuinuka, dereva wengi hufanya lililo rahisi. Humwita kijana apande juu ya boneti. Haro isipoingia ardhini vizuri, utingo husimama juu yake ili aikandamize. Watoto nao hukaa kwenye madigadi kwa kufurahia safari, na hakuna anayewateremsha kwa sababu inaonekana wanasaidia kuongeza uzito.

Hili lisemwe waziwazi: mtu si uzito. Kijana wa kilo 60 aliye juu ya boneti hana mkanda wala mahali pa kushika. Trekta likiruka shimo, yeye huanguka mbele, na gurudumu liko nyuma yake. Aliyesimama juu ya haro akiteleza, anaangukia visahani vinavyozunguka, na kabla dereva hajageuza shingo jambo limekwisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi kwenye usukani haoni uzito wa hatari iliyombeba yule wa mbele.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama wa watu wanaomfanyia kazi. Utingo anayelipwa kwa siku ni mfanyakazi. Mwenye trekta hawezi kusema kwamba kijana alipanda kwa hiari yake.

Trekta hufanya kazi kama mzani

Ili kujua mahali pa kuweka uzito, trekta lifikiriwe kama mzani. Ekseli ya nyuma ndiyo mhimili. Mbele kuna injini na magurudumu ya usukani. Nyuma kuna plau iliyoning'inia kwenye mikono mitatu ya kuinulia. Plau ikiinuliwa, upande wa nyuma hushuka na wa mbele huwa mwepesi.

Ufuatao ni mfano wa hesabu. Trekta lina uzito wa kilo 1,200, na kati ya hizo, kilo 420 ziko kwenye magurudumu ya mbele. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Plau ina kilo 300, na katikati ya uzito wake iko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Zidisha 300 kwa 1.2, upate 360. Gawanya kwa 1.6, upate 225. Hizo kilo 225 ndizo zinazoondoka mbele kila plau inapoinuliwa. Magurudumu ya mbele yaliyokuwa na kilo 420 sasa yanabaki na 195.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau moja ya tano ya uzito wa trekta tupu. Kwa trekta hili, moja ya tano ni kilo 240. Kwa hiyo limepungukiwa kilo 45, na usukani umeanza kuwa mwepesi. Dereva anakata kona, magurudumu yanageuka, lakini trekta linaendelea kwenda mbele.

Sasa zifungwe kilo 40 za chuma mbele kabisa ya trekta, sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele. Kwa kuwa chuma hicho kiko mbali na mhimili, kinafanya kazi kuliko uzito wake: kinaongeza kilo 55 kwenye magurudumu ya mbele. Jumla inakuwa 250, na usukani unarudi. Vyuma viwili vya kilo 20 vimefanya kazi ambayo kijana alikuwa akiifanya kwa kuhatarisha maisha yake, tena navyo havichoki wala havishtuki.

Hesabu hiyo ni ya mahali tambarare. Nyanchwa si tambarare. Trekta hilohilo likipanda mteremko unaoinuka mita 2 katika kila mita 10, uzito wa jumla unaegemea nyuma. Ikiwa katikati ya uzito wote iko kimo cha sentimita 70 kutoka ardhini, magurudumu ya mbele yanapoteza takribani kilo 130 nyingine. Hiyo ni kama kuondoa gunia la mahindi la kilo 90 na karibu nusu ya gunia la pili. Bila vyuma vya mbele, zinabaki kilo 60 hivi tu. Kwa vyuma, zinabaki kama 115. Tena hapo shimo halijahesabiwa, wala jiwe, wala dereva anayeachia klachi kwa pupa.

Ndiyo maana trekta hupinduka kinyumenyume. Likianza kuinuka, dereva ana muda usiofika sekunde mbili, na wengi hawawahi kukanyaga klachi.

Kosa la kuongeza uzito mahali pasipohitajika

Kuna dereva ambao wakiona mbele panainuka, hujaza maji kwenye matairi ya nyuma. Hilo haliponyi. Uzito uliowekwa kwenye magurudumu ya nyuma umekaa juu ya mhimili wenyewe, kwa hiyo hauongezi chochote mbele. Badala yake magurudumu ya nyuma yanashika ardhi kwa nguvu zaidi, na injini inapata nguvu ya kuinua pua ya trekta.

Kanuni ya kushika ni fupi. Usukani ukiwa mwepesi, uzito uwekwe mbele. Magurudumu ya nyuma yakisota, uzito uwekwe nyuma. Trekta likiwa na bakuli la mbele la kubebea mchanga au mawe, bakuli ndilo linaloinua nyuma, kwa hiyo kiwekwe kitu kizito kwenye mikono ya kuinulia nyuma.

Kitu hicho kinaweza kutengenezwa hapa hapa. Nusu ya pipa la lita 200 likijazwa zege hufika takribani kilo 240. Fundi wa kuchomelea aweke vyuma vya kushika pini tatu kabla zege haijakauka, na vifungwe kwa pini zenye kufuli. Mawe yaliyorundikwa kwenye sanduku bila kufungwa hayafai, kwa sababu huhama trekta linapoinama, na uzito unaohama ni mbaya kuliko kutokuwa na uzito.

Vivyo hivyo kwa gunia la mchanga lililofungwa kwa kamba juu ya boneti. Likinyeshewa huongezeka uzito, kamba hulegea, na huziba macho ya dereva. Vyuma vya mbele vikae kwenye fremu iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, na kitabu cha trekta ndicho kinachosema mwisho wa kilo zinazokubalika. Ekseli ya mbele ya trekta dogo si ya kubeba chochote kile.

Maji kwenye matairi

Maji ndiyo uzito wa bei nafuu kuliko wote, na lita moja ni kilo moja. Tairi la nyuma la ukubwa wa 12.4-28 likijazwa robo tatu hubeba takribani lita 150. Matairi mawili ni kilo 300. Uzito huo unakaa chini, karibu na ardhi, kwa hiyo husaidia trekta kutopinduka ubavu, na haulemei beringi za ekseli kwa sababu maji yanalala juu ya tairi lenyewe.

Katika nchi za baridi kali huchanganya maji na chumvi ya kalisi ili yasigande, na chumvi hiyo hula rimu. Huku maji hayagandi, kwa hiyo maji safi yanatosha.

Namna ya kujaza ni hii. Trekta liinuliwe kwa jeki upande mmoja na kuwekewa magogo imara chini ya ekseli. Tairi lizungushwe hadi valvu iwe juu kabisa. Maji yaingizwe polepole, huku hewa ikiachwa itoke, hadi maji yafike usawa wa valvu. Hapo ndipo robo tatu. Robo iliyobaki ni ya hewa, na isijazwe, kwa sababu ndiyo inayomeza mishtuko ya mawe. Kisha tairi lijazwe upepo kwa kipimo cha kitabu. Matairi yote mawili yapate kiasi kimoja. Trekta lenye maji tairi moja huvuta upande, na kwenye mteremko upande huo unaweza kuwa ule wa bondeni.

Ubaya wa maji ni kwamba hayaondoki haraka. Chuma hufunguliwa kwa spana. Maji huchukua nusu siku. Mwenye kulima siku chache kwa mwaka na kusafirisha mizigo siku nyingi, afikirie vyuma vya gurudumu kabla ya maji.

Kupima badala ya kukisia

Dereva anawezaje kujua kama uzito wa nyuma unatosha? Kipimo chake hakihitaji mashine. Achukue chokaa, atie alama kwenye tairi la nyuma. Alime na plau ikiwa ardhini, na msaidizi aliye pembeni, mbali na trekta, ahesabu mizunguko 10. Mahali pa kuanzia na pa kumalizia pawekwe vijiti. Kisha trekta lirudie umbali uleule plau ikiwa imeinuliwa, mizunguko ihesabiwe tena.

Ikiwa safari ya pili imechukua mizunguko 8 na nusu hadi 9, magurudumu yanateleza kati ya asilimia 10 na 15, na hapo ndipo panapofaa. Ikiwa imechukua 7 tu, yanateleza asilimia 30. Mafuta yanachomwa bure na tairi linaisha. Kabla ya kuongeza chuma, apime kwanza upepo wa tairi na kina cha plau. Mara nyingi plau imeingia mno, na tiba ni kuipandisha.

Ikiwa imechukua mizunguko 9 na nusu au zaidi, trekta ni zito kupita kiasi. Hili wengi hawaliamini. Gurudumu lisiloteleza hata kidogo linapeleka mzigo wote kwenye gia na klachi, na mafuta mengi yanatumika kubeba chuma tu.

Wapo wanaouliza iwapo chuma kingi cha nyuma ni lazima. Jibu limo katika kazi ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliyebuni mfumo wa kushika plau kwa mikono mitatu. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946, na zaidi ya 500,000 yalitengenezwa. Plau iliyoshikwa hivyo ikiwa ardhini, nguvu ya udongo yenyewe hukandamiza magurudumu ya nyuma. Trekta jepesi likapata mshiko bila kubeba rundo la chuma. Matrekta madogo ya leo yanafuata mfumo huo. Anayevuta trela kwa ndoano hapati msaada huo, na yeye ndiye anayehitaji uzito zaidi nyuma. Akumbuke pia kwamba mzigo wa kuvutwa hufungwa kwenye ndoano ya chini tu. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye kiti au kwenye mkono wa katikati, trekta hujivuta lenyewe na kupinduka.

Udongo nao hubeba uzito

Kila kilo inayoongezwa kwenye trekta, udongo ndio unaoibeba. Udongo mwekundu wa huku ukiwa mkavu kiasi huvumilia. Ukiwa na maji, hukandamizwa hadi chini ya kina cha plau, na hapo huwa tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi haipenyi na maji ya mvua hayapiti. Maji yasiyopita huteremka, na yakiteremka hubeba udongo hadi Mto Gucha.

Mkulima ana haki ya kumzuia dereva. Achimbe udongo wa kina cha kiganja, aufinye na kuusokota mkononi. Ukisokoteka kama kamba, trekta lisubiri. Ukikatika na kumomonyoka, kazi ianze. Kusubiri siku mbili ni nafuu kuliko kuharibu shamba misimu mitatu. Na kazi ya kulima ikiisha, vyuma vifunguliwe. Trekta linalokwenda kupulizia dawa au kubeba majani ya ng'ombe halihitaji uzito wa plau.

Mahali ambapo uzito hausaidii

Uzito hauwezi kuponya kila kitu. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya wakati huo, zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na zilitaka kinga ya udongo kati ya asilimia 12 na 35. Sababu yake ilikuwa mmomonyoko, lakini kwa dereva wa trekta kipimo hicho ni onyo la pili. Katika mteremko mkali, jembe la mkono na matuta ya fanya juu yenye majani ya nepia ndiyo njia.

Kwenye mteremko wa wastani, mambo manne yafuatwe. La kwanza, plau nzito ibadilishwe kwa nyepesi kabla ya kuongeza chuma. Kuondoa kilo 100 nyuma ni salama kuliko kuongeza kilo 100 mbele. La pili, trekta lenye plau iliyoinuliwa lipande mlima kwa kurudi nyuma, ili magurudumu mazito yawe upande wa juu. La tatu, magurudumu yapanuliwe kadiri kitabu kinavyoruhusu, na gurudumu la bondeni lisitembee ndani ya mtaro wa plau, kwa sababu mtaro huo huongeza mwinamo. La nne, chuma cha kinga kilicho nyuma ya kiti kisikatwe ili trekta lipite chini ya migomba, na mkanda ufungwe. Chuma cha kinga bila mkanda hakimlindi aliyerushwa nje.

Wenye matrekta ya kutembea nayo kwa miguu nao wana lao. Uzito wa mbele husaidia mikono isichoke kukandamiza, lakini chombo hicho hakina nguvu ya kumzuia kinapoteremka. Kiteremshwe kwa gia ndogo, na mwendeshaji asiwe upande wa bondeni.

La kuondoka nalo

Kabla ya trekta kuingia shambani msimu huu, mwenye shamba aulize maswali matatu. Vyuma vya mbele viko wapi? Matairi ya nyuma yana maji au hayana? Na nani atakuwa juu ya trekta? Jibu la swali la tatu ni moja: dereva peke yake. Dereva akisema hawezi kulima bila mtu wa kupanda mbele, basi plau yake ni nzito mno kwa trekta lake, na mwenye shamba ana haki ya kumwambia aende akalete nyingine.

Vyuma viwili vya kilo 20 vinaweza kuchongwa na fundi kutoka vipande vya chuma chakavu. Wanaokodisha kwa pamoja wanaweza kuchangia seti moja, ikazunguka kutoka trekta hadi trekta. Ofisi ya kilimo ya wadi iko wazi kwa anayetaka kusaidiwa kupima mteremko wa shamba lake au kufanya hesabu ya trekta lake. Aje na kitabu cha trekta na uzito wa plau.

Tahadhari kabla ya hatari.